Kopo la Mkuyuni kwa Salama

Hakuna mtu wa Kwemkole asiyejua kwamba njia ya kando ya mto ilichimbwa na baba yake Bi Zuhura, kwa jembe lake mwenyewe. Na kama yupo asiyejua, Bi Zuhura atamwambia. Miaka nenda miaka rudi, wageni waliokuja kutazama kijiji hicho cha zamani walipita mlangoni pake, wakaketi barazani, wakala plamu zake huku akiwasimulia mto ulivyokuwa kabla mikaratusi haijaunywa.

Ndipo likaja kopo.

Lililetwa na Khalfani, kijana wa Lushoto mjini anayetembeza watalii. Alilificha chini ya mkuyu, ng'ambo ya mto, shambani kwa Salama, jirani wa Bi Zuhura.

"Ni mchezo tu, bibi," alimweleza. "Ndani mna vikorokoro. Wageni wanalitafuta kwa simu, wakilipata wanafurahi, wanalirudisha."

"Na kwangu je? Hukupaona?"

"Kwako hakuna pa kuficha kitu, bibi. Uwanja umefagiliwa mno."

Tangu hapo wageni wakawa wanampita, macho kwenye simu, hata shikamoo hawana. Punde vicheko vinasikika ng'ambo, na Salama anawamiminia chai ya mchaichai. Salama! Ambaye alipoolewa pale hakujua hata kupanda kabichi, mpaka Bi Zuhura akamshika mkono. Roho ilimuuma Bi Zuhura hata akawa haachi kupalilia upande wa shamba unaotazama mto, ingawa magugu yalishakwisha.

Siku ya gulio la Mlola, Salama alipoondoka na tenga lake, Bi Zuhura alivuka mto, akalifunga kopo ndani ya khanga, akaja kulifukia chini ya mti wake wa plamu. Akafagia upya. Akatandika mkeka, akatoa kabatini vikombe vya maua.

Kesho yake wageni wakaja na Khalfani wao. Wakampita.

"Karibuni! Ni huku!"

Wakampungia mkono, wakashuka mtoni.

Kumbe simu hainusi kopo. Inajua mahali tu. Wakafika mkuyuni, wakapekua mizizi, wasipate, na kwa kuwa hawakupata, hawakuondoka. Salama akachemsha chai nyingine, akachoma mahindi. Wengine wakakunja suruali wakamsaidia kung'oa karoti. Na Bi Zuhura yuko mkekani na vikombe vyake vitupu.

Mwishowe alishindwa. Akaita kwa ile sauti ya kuitana bonde kwa bonde, "Salama! Wanatafuta nini hao?"

"Shikamoo, dada! Kopo limepotea!"

"Marahaba!"

Akalifukua, akavuka mawe ya mtoni, kichwa juu.

"Hili hapa. Mto ulitaka kulibeba, nikalihifadhi."

Khalfani akautazama mto, ambao haukuwa umejaa tangu masika. Kisha akautazama udongo mwekundu uliolikaukia kopo. Alifungua mdomo, lakini Salama alimuwahi.

"Ahsante, dada," alisema, akisogeza kigoda. "Kaa uwasimulie baba alivyochimba njia. Mimi nikijaribu naiharibu."

Bi Zuhura akakaa. Akasimulia hadi chai ikapoa, na wageni walimpiga picha. Alipoionja chai, akamwambia Salama kwamba sukari imezidi.

Asubuhi iliyofuata alifagia uwanja wote isipokuwa kona moja, karibu na mti wa plamu. Aliacha majani yalundikane hapo, ili Khalfani akipita aone kwamba pa kuficha kitu papo.