Hati za Mabibi

Kila Ijumaa jioni Clifford Entwistle aliingia kwa mlango wa nyuma, akavua kofia, akaweka bahasha ya mshahara juu ya meza ya jikoni, karibu na chupa ya siki. Bahasha ilikuwa imefungwa vilevile ilivyotoka kiwandani. Katika mji ule mume aliyeifungua kabla ya mkewe alisemwa mtaa mzima, na aliyechomoa noti njiani alisemwa mpaka kanisani. Clifford hakuwahi kufanya hilo wala lile kwa miaka ishirini na tisa ya ndoa. Winifred, mkewe, aliifungua kwa kisu cha siagi, akampa pesa zake za bia na tumbaku, na zilizobaki akazigawa: kodi, makaa, chakula, akiba. Clifford alizitia zake mfukoni bila kuzihesabu, kisha akauliza kuna nini cha kula. Ilikuwa Ijumaa, kwa hiyo kulikuwa na samaki.

Akiba ilikuwa ya karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu ambayo haiendi popote. Waliitaka iwe kule Morecambe, mahali pa kuketi na kuitazama bahari ikiwa ipo, maana kule maji hujiondokea nusu ya siku. Mpango ulikuwa rahisi. Winifred atakapotimiza sitini ataiacha mitambo ya kufuma, watainunua karavani, na magoti yake yatapumzika. Kwa hesabu ya Clifford ilibaki miaka minne.

Wahenga walisema akiba haiozi. Wahenga hawakuishi Lancashire, Uingereza, mwaka 1975. Bei zilipanda robo nzima kwa mwaka mmoja, na faida ya chama cha akiba haikufika hata nusu ya hapo. Kila walipokaribia kuipata karavani, karavani ilisogea mbele. Pesa za bia za Clifford hazikuwa zimeongezwa tangu bia iwe nusu ya bei ile. Hakulalamika, alikunywa bia ileile polepole zaidi.

Ndipo serikali ikaleta hati zake. Unaikopesha pesa zako, zisizidi pauni mia tano, na kadiri bei za madukani zinavyopanda, na zako zinapandishwa vivyo hivyo. Ukizitoa kabla ya mwaka unapewa ulichoweka tu. Ukivumilia mitano unatiliwa na kitu kidogo juu. Sharti lilikuwa moja: mwanamume awe na miaka sitini na mitano, mwanamke sitini. Watu wakaziita hati za mabibi.

Jambo hilo lilijadiliwa mezani kwa Winifred Jumapili moja, juu ya pai ya viazi. Harold, kaka yake Clifford, alikuwa na sitini na saba, na hizo hati alizikataa katakata. Alisema anayepandisha bei ni serikali yenyewe, na sasa inajitolea kufidia. Ni mbweha anayekuja kukuuzia bima ya kuku. Akiba yake mwenyewe Harold alikuwa ameiweka kwenye mbwa wa mashindano, mnyama mwenye adabu, ambaye hakuwahi kumpita mwenzake.

Winifred alijibu kwamba hati hizo hazimtajirishi mtu, na hakuna aliyesema zinatajirisha. Kazi yake ni kwamba kipande cha karavani ulichonacho leo, baada ya miaka mitano unakuta bado ni kipande kilekile. Mwavuli haukupi chakula, alisema, lakini hakuna anayeutupa mvua ikinyesha.

"Shemeji, wewe unaongea kama mwenye miaka sitini," Harold alimwambia.

"Angekuwa nayo tungenunua kesho," alisema Clifford. "Lakini bado mtoto huyu. Tusubiri minne."

Winifred akainuka kwenda kuchemsha maji ambayo yalikuwa yameshachemka.

Sitini alikuwa ameshaitimiza tangu Machi. Mwaka 1946, Clifford alipotoka vitani akiwa na miaka ishirini na sita na nywele zote, yeye alikuwa na thelathini na mmoja, umri ambao majirani walikuwa wameanza kumwonea huruma. Walipokutana dansini aliulizwa umri, akasema ishirini na saba, kwa sababu mpiga tarumbeta alikuwa karibu kuanza na hakukuwa na muda wa kufikiri. Kisha akamwambia hivyohivyo msajili wa ndoa, na cheti chake cha kuzaliwa akakitia motoni. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya Winifred ilikuwa imefika miaka ishirini na tisa na bado inaendelea vizuri.

Tatizo ni kwamba uwongo nao ulikuwa na bei, na bei yake ilipanda. Tangu Machi alikuwa na haki ya kukaa nyumbani, na kila asubuhi alikwenda kusimama kwenye mitambo kwa sababu alikuwa na hamsini na sita. Alishuka ngazi kinyumenyume, ameshika ukuta. Na akiba ile haikuwa yake peke yake. Mwanamume yule alimletea bahasha zilizofungwa, moja baada ya nyingine, bila kuuliza, na yeye akiziangalia zikisinyaa kwenye chama cha akiba ili asiseme neno moja. Alijionea haya, na haya ile haikumtoka hata usingizini.

Kuzinunua posta ya pale mjini lilikuwa jambo lisilowezekana. Kelele za mitambo ya kufuma humfundisha kila mfumaji kusoma midomo; wanawake husemezana bila sauti toka upande mmoja wa ukumbi hadi mwingine. Kwa hiyo katika mji ule hakukuwa na kunong'ona. Ukimtamkia karani umri wako, foleni nzima imeshausoma, na anayesimama nje dirishani pia. Winifred aliingia mara tatu, akanunua stempu mara tatu.

Jumamosi moja ya Agosti akachukua basi hadi mji wa pili, mia tano zikiwa kwenye mkoba. Karani wa kule alikuwa mwanamume mwenye masharubu na mafua. Winifred alikuwa amejiandaa kwa maswali. Karani alimtazama usoni mara moja tu, akampa fomu bila kuuliza lolote. Hilo lilimchoma kuliko alivyotarajia. Alichukua kalamu akiwa bado ana kinyongo, akajaza jina, akajaza anwani, na penye mwaka wa kuzaliwa mkono wake ukaandika ule ulioandika siku zote.

Karani aliisoma fomu. "Mama, kwa hesabu hii una hamsini na sita."

"Nimekosea."

"Umekosea mwaka uliozaliwa?"

"Ni mazoea."

Karani akapenga kamasi, akaweka leso mfukoni. Alisema amekaa kwenye kiti kile miaka kumi na saba na amewaona wanawake wengi wanaopunguza, lakini anayejiongezea ndiyo kwanza anamwona. Sasa alitaka cheti cha kuzaliwa. Winifred akasema kiliungua. Basi aje na mtu anayemfahamu vizuri.

"Mume yupo?"

"Yupo."

"Anajua umri wako?"

Winifred akafunga mkoba, akaenda kungoja basi.

Wiki nzima alitembea na zile mia tano. Angeweza kuzirudisha kwenye chama cha akiba na kunyamaza, na mwaka 1979 akatimiza sitini kwa mara ya pili, kwa keki. Aliliwaza hilo kwa uzito. Lakini Ijumaa Clifford aliingia kwa mlango wa nyuma, akavua kofia, akaweka bahasha karibu na chupa ya siki, na yeye akashindwa kukishika kisu cha siagi.

"Usiiache hapo kwanza," alisema.

"Kwani meza imefanya nini?"

Winifred alifungua mdomo, sauti haikutoka. Kwa hiyo akasema kama wanavyosema kiwandani, kwa midomo tu: Nina sitini. Tangu Machi. Nilikudanganya dansini, nikamdanganya na msajili.

Clifford alikuwa fundi wa mitambo. Alisoma midomo kama wengine wanavyosoma gazeti. Hata hivyo akasema, "Rudia," na Winifred akarudia kwa sauti, pamoja na habari ya posta na hati na mwaka alioandika.

Clifford akaichukua bahasha mezani, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoka uani kwenye vitunguu vyake. Samaki wakapoa. Winifred alikaa akilitazama lile doa la siki ilipokuwa bahasha. Wakati wa vita ndege za mabomu zilipita juu ya mji ule, na hakuogopa hivi. Umri angeweza kusamehewa. Watu husamehe makubwa kuliko hayo. Lakini mtu huyu alilipokea neno lake likiwa limefungwa, kama yeye alivyozipokea bahasha, na ndani hamkuwa na kilichoandikwa juu.

Aliporudi, Clifford alinawa mikono kwa muda mrefu.

"Machi, umesema."

"Machi."

"Aprili ndiyo ulianza kushuka ngazi kinyumenyume."

"Ni magoti."

"Najua ni magoti. Si nilikuwa nayasugua mimi? Nikikwambia vumilia, Winnie, bado minne."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa umeshamaliza." Akatundika taulo, likaanguka, akaliokota. "Ungeniambia, ningekwambia ukae nyumbani. Miezi mitano umesimama pale. Mimi sikukuuliza tena umri tangu ile siku ya dansi. Mara moja tu nilikuuliza."

Winifred hakuwa amejiandaa kwa hilo. Alikuwa na majibu ya hasira zote isipokuwa hii. Akalia, na Clifford akapanda kulala bila kula. Koti lilibaki kwenye ndoano nyuma ya mlango, bahasha ikiwa ndani, na Winifred hakuligusa.

Asubuhi alimkuta mumewe jikoni amevaa suti ya mazishi.

"Mia tano unazo?"

"Ninazo."

"Twende."

Kule posta, karani mwenye masharubu aliwakumbuka, hasa mmoja wao. Akamuuliza Clifford kama anathibitisha kwamba mkewe amefikisha umri unaotakiwa.

"Ni mzee," alisema Clifford. "Amezeeka kabisa. Sitini na miezi."

"Umelijua hilo tangu lini?"

"Jana."

Karani aliwatazama wote wawili. Naye pia alikuwa na mke. Akampa Winifred fomu mpya, na safari hii Winifred akaandika polepole, tarakimu moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Karani akagonga mhuri, akaeleza kwamba hati isiguswe kabla ya mwaka, na ikiwezekana ikae mitano.

"Hana shida huyu," alisema Clifford. "Anajua kukaa na kitu."

Kwenye basi la kurudi Winifred alikaa dirishani, mkoba mapajani, hati ndani ya mkoba. Hata kwa hati ile karavani bado ilikuwa mbali. Tofauti ni kwamba kuanzia leo isingezidi kusogea. Hakuthubutu kugeuka. Basi lilikuwa limepita kiwanda cha matofali Clifford alipotia mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akaiweka bahasha juu ya mkoba. Ilikuwa imefungwa vilevile.

"Uliisahau," alisema.

Kisu cha siagi hakikuwepo, kwa hiyo aliifungua kwa pini ya nywele, na ikamchukua muda, kwa sababu alikuwa haoni vizuri. Akatoa pesa zake Clifford, akampa. Clifford akazihesabu. Alizihesabu noti kwa sarafu, hadharani, mbele ya basi zima, kwa mara ya kwanza katika ndoa ile, na Winifred akamngoja amalize.

"Zimezidi."

"Bei zimepanda."

Clifford akafikiri. "Robo?"

"Robo."

"Jumatatu ukawaage kiwandani," alisema. Akazitia pesa mfukoni, akauliza kuna nini cha kula.

Kulikuwa na samaki wa jana.