Mbuzi Hakufuta Kesi

Mdogo wangu alikiri kosa mahakamani Mpwapwa huku akitabasamu. Mimi niliyekuwa benchi la nyuma nilitamani kumrushia kiatu.

"Ni kweli, Mheshimiwa, nilimpiga jirani kwa fimbo," alisema. "Lakini tulishakula mbuzi."

Na kweli tulimla. Kiangazi mto wetu huwa mchanga mtupu. Watu huchimba visima humohumo mchangani, na kila boma lina zamu yake ya kunywesha ng'ombe. Siku hiyo jirani alitanguliza wake, maneno yakazidi, mdogo wangu akamvunja mkono. Wazee wakatukalisha, mbuzi akachinjwa, wawili hao wakala ini kwenye sahani moja, wakapeana mikono, yaani ile iliyobaki mizima. Kwetu, ugomvi ukishaliwa haufufuki. Hata mimi, mtu wa ofisi za serikali kule Mtumba, Dodoma, ninayejifanya kujua sheria, nilipanda basi nikiamini tunakwenda kuiaga kesi tu.

Hakimu, mama wa makamo, alivua miwani.

"Mbuzi ni wenu. Kesi ni ya Jamhuri. Unajua kosa hili lina kifungo?"

Tabasamu likamtoka. Baba alishafariki, magoti ya mama yamekwisha. Huyu akifungwa, nani atawashusha ng'ombe kisimani? Wangekufa kabla ya mvua.

Hakimu aliahirisha hukumu, akamtuma afisa wa huduma kwa jamii aje kijijini kuuliza huyu ni mtu wa namna gani. Wakati wa kungoja nilimfokea mdogo wangu mpaka mama akaniambia nipumue. Ofisini, tukisikia watu wamepigana, mimi ndiye wa kwanza kusema wafungwe, wakome. Kumbe maneno hayo ni matamu akifungwa ndugu wa mwenzio.

Siku ya hukumu jirani alikuja, mkono kwenye plasta. Hakimu akamwambia mdogo wangu, "Adhabu ni ya kukukomesha wewe, kuwaonya wengine, na kukutengeneza. Mkono wa mwenzio hautapona kwa wewe kukaa gerezani. Lakini hata kwa ini la mbuzi haukupona."

Akampa huduma kwa jamii: kila asubuhi kufagia zahanati ya kijiji na kuijazia maji. Nililia palepale, na sioni aibu. Mama alipiga kigelegele, askari akamwomba akamalizie nje.

Furaha ilitusahaulisha jambo moja. Zamu yetu ya kisima ni asubuhi vilevile.

Tulilikumbuka siku ya kwanza ya adhabu, mchana, mdogo wangu aliporudi kutoka zahanati. Mimi nilikuwa bado likizo, asubuhi yote nimelala, na kuhusu ng'ombe sijui lolote zaidi ya kunywa maziwa yao. Zizi lilikuwa tupu. Tulikimbilia mtoni, mimi nikimlaani yeye, yeye akiwaita ng'ombe kwa majina.

Tuliwakuta wamelala kivulini, matumbo yamejaa, wanacheua. Wa mwisho alikuwa bado anakunywa. Jirani yetu alikuwa ndani ya kisima, anachota kwa mkono mmoja.

"Kaka, utajiumiza," mdogo wangu alisema.

Jirani hakuinua hata kichwa.

"Ng'ombe wako hawakunipiga," alisema, akaendelea kuchota.

Mdogo wangu, ambaye hata hakimu hakumliza, aliketi mchangani akalia.