Aliyegonga Dari Nikiwa Juu ya Bati

Nilikuwa juu ya paa la nyumba yangu, hapa Ilomba, mchana kweupe, jagi la maji mkononi, pale dari ilipogongwa kutoka ndani.

Ko. Ko.

Ndani hakukuwa na mtu. Hilo nilikuwa na hakika nalo kama ninavyolijua jina langu.

Naitwa Lusia. Ni Mhehe wa Kalenga, kwa baba na kwa mama. Nimeolewa Mbeya na Mnyakyusa, Lutengano, fundi magari mwenye gereji yake Ipogolo, Iringa. Nyumbani anarudi mwisho wa mwezi.

Nyumba hii tulijenga wenyewe, na kwa kuwa yeye yuko mbali, ikiharibika wa kushughulika ni mimi.

Bomba likivuja, nafunga maji, nafungua koki, nabadilisha raba. Kitasa kikigoma, nakitoa chote, nakipanga mezani kipande kwa kipande, nakirudisha. Nimejifunza kwa kutazama mafundi, kwa simu, na kwa kuharibu. Zaidi kwa kuharibu.

Halafu baba mkwe akaja kukaa kwetu, awe karibu na kliniki ya presha.

Sasa hapa wasio wa huku mnisikilize vizuri. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Wanaita ukutila. Akipita, unapisha na kugeuka. Jina lake hulitaji. Chumbani kwake huingii, hata akiwa hayupo.

Siku hizi wengi wameshaacha. Mzee wetu hakuacha.

Na mimi sikumlazimisha. Chakula nilikiweka kwenye kigoda mlangoni kwake, nikabisha hodi, nikaondoka. Tangu aje, hatujawahi kusemeshana hata neno moja.

Na chumba kilichokuwa kinavuja kilikuwa chake.

Yaani fundi wa nyumba ni mimi, na chumba chenye ugonjwa siruhusiwi kukanyaga.

Tukaita fundi wa mtaani. Akapanda, akapaka lami, akala ugali, akaenda. Mvua ikanyesha, mzee akalowa. Akaja wa pili, akapaka lami juu ya lami ya mwenzake. Mzee akalowa vilevile.

Shemeji yangu Asukile, mdogo wake Lutengano, akaanza maneno.

"Shemeji, baba anahamisha kitanda kama mtu anayecheza bao. Hii ni nyumba au chujio?"

"Paa nitalitengeneza mwenyewe," nikasema.

"Wewe? Upande juu ya chumba cha mkweo? Kwenu Kalenga hamna adabu?"

Nikaenda kuitazama ngazi.

Jioni ile Lutengano akapiga simu.

"Lusia, nimechoka. Baba akilowa tena, hiyo nyumba tunaiuza. Mtakuja wote tupange huku Ipogolo."

"Nina nyumba, halafu nikapange?"

"Nyumba gani inanyeshea wazee? Asukile ameshapata mteja."

"Haiuzwi, mume wangu."

Akakata simu. Mbingu ya Mbeya ilikuwa inavuta mawingu kila siku, na mimi nilikuwa nimebakiwa na mvua moja tu.

Kesho yake nikaenda mjini, dukani kwa mzee Kantilal, Mhindi wa vifaa vya ujenzi. Aliyekuwa kaunta ni Hemlata, mke wa mtoto wake.

"Misumari ya bati, ile yenye raba. Na silikoni ya kuziba matundu."

"Fundi kakutuma?"

"Fundi ndiye huyu unayemwona."

Akacheka. Mara mzee Kantilal akatokea stoo, na Hemlata akavuta mtandio upesi, akafunika kichwa mpaka kwenye paji la uso. Mzee alipopita, Hemlata akaninong'oneza, "Na wewe unaye mkwe wa kumfichia uso?"

"Ninaye. Na chumba chake ndicho kinavuja."

Hemlata akaniongezea misumari kiganja kizima bila kuiandika kwenye risiti.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Bati likivuja, tone linapoangukia sipo maji yanapoingilia. Maji huingia huku, yakatambaa juu ya mbao, yakadondokea kule. Kwa hiyo unamwaga maji kidogo kidogo, kuanzia chini ya paa kwenda juu, na mtu anakaa ndani anatazama. Yakidondoka, anapiga kelele, wewe unajua umefika.

Tatizo likawa huyo mtu wa ndani, maana Asukile asingekubali. Nikamfuata Joyness, mke wa Asukile, tukaongea nje, karibu na dirisha la mzee.

"Uje ukae chumbani, mimi nimwage maji."

"Dada Lusia, na mimi si mkwe kama wewe? Unataka nihukumiwe na ukoo mzima?"

"Basi nitapanda siku ya kliniki, mzee akiwa hayupo. Nitamwaga, nishuke, nisikilizie dirishani, nipande tena."

"Utapanda na kushuka mpaka jua lizame."

"Lizame tu."

Siku ya kliniki ikafika. Asubuhi nikasikia bajaji ikisimama na sauti ya Asukile ukumbini. Kama desturi, nikajificha jikoni, uso ukutani, ili mzee apite. Nikasikia mlango. Nikasikia bajaji ikiondoka.

Nikavaa suruali ya kazi ya Lutengano, nikaegemeza ngazi, nikapanda na ndoo ya maji, jagi na mfuko wa vifaa.

Nilikanyaga kwenye mistari ya misumari tu, pale penye mbao chini, bati lisibonyee. Nikaanza na ile lami ya mafundi. Nikamwaga. Nikashuka, nikatega sikio dirishani. Kimya. Nikapanda. Nikasogea juu kidogo, nikamwaga, nikashuka. Kimya.

Ngazi ilikuwa imenichosha. Nikajisemea, Lusia, mara hii kaa hukohuko juu, mwaga tu.

Nikasogea mpaka juu kabisa, kwenye kofia, lile bati lililokunjwa linalofunika paa pale pande mbili zinapokutana. Nikamwaga.

Ko. Ko.

Jagi likaniponyoka, likateremka kwenye bati, likaangukia kwenye matembele.

Nikalala kifudifudi, nimekumbatia paa. Nikasali sala zote nilizofundishwa Kalenga, na nyingine nikazitunga palepale.

Kimya.

Mimi si mwepesi wa kusema uchawi. Nikajiuliza polepole: kimegonga lini? Nilipomwaga maji. Je, kitagonga tena?

Nikachota kwa kiganja kwenye ndoo, nikamwaga palepale.

Ko. Ko.

Nikasogea pembeni, nikamwaga. Kimya. Nikarudi pale. Ko. Ko.

Woga ukaanza kuniisha. Mzimu gani huu unaojua kazi ya fundi? Nikawaza labda Joyness amepata moyo, ameingia kimyakimya. Nikamshukuru kimoyomoyo, nikaendelea.

Nilipoikagua ile kofia vizuri, nikaona. Misumari ilipigwa bila raba, matundu yamepanuka, na kofia imeinuka kama kifuniko cha sufuria. Mafundi wote wawili walipaka lami pale tone lilipodondokea. Hakuna aliyepanda mpaka juu.

Nikang'oa, nikapaka silikoni, nikapigilia misumari ya raba. Nikamwaga maji. Kimya. Nikamwaga mengi. Kimya kitamu.

Hapo ndipo Asukile akaingia uani na mwanamume mmoja mwenye koti la suti, anatazama kuta kama mtu anayechagua ng'ombe. Yule mteja.

Asukile akainua macho. Mdomo ukabaki wazi.

"Shemeji! Shuka!"

"Namalizia."

"Shuka nakwambia. Baba yumo ndani."

Nikaishika kofia kwa mikono miwili.

"Baba si yuko kliniki?"

"Nilikwenda peke yangu kumchukulia dawa. Aligoma kupanda bajaji. Alisema leo ana kazi." Akashika kichwa. "Umempanda mzee kichwani, Lusia. Tena umevaa suruali. Ukoo utakaa kikao kwa ajili yako."

Mikono yangu ilikuwa imeshika nyundo. Ningeshuka, ningepiga magoti, ningelia. Nilijua namna zote za kuomba radhi.

Lakini nilikuwa nimelowa jasho, na nyumba ilikuwa yangu.

"Asukile, kama kosa ni kupanda, nimeshapanda. Ukoo ukae. Mimi nitashuka nikimaliza."

Nikapiga msumari. Makusudi, kwa nguvu.

Asukile akakimbilia ndani kumwombea baba yake radhi. Mteja akabaki uani, ananitazama. Mimi napigilia.

Asukile akakawia huko. Alipotoka, alikuwa anatembea kama mtoto aliyetumwa asipopataka.

"Mzee anasema nini?" mteja akauliza.

Asukile akakohoa, akaongea akitazama chini.

"Amesimama juu ya kitanda na mkongojo wake. Anasema, huyo aliye juu asishuke. Upande wa chooni bado." Akameza mate. "Na anauliza kwa nini ameacha kumwaga maji."

Mteja akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafunga kifungo cha koti.

"Bwana, mzee anayekagua paa mwenyewe hauzi nyumba. Kwaherini."

Kumbe siku ile naongea na Joyness, mzee alikuwa nyuma ya dirisha, anasikia kila neno. Nilihitaji mtu wa ndani, naye akajipa kazi.

Nikachota maji mengine, nikahamia upande wa chooni.

Kesho yake alasiri mvua ikashuka kutoka mlima Loleza, ile ya kuzima sauti ya redio. Asukile alikuwa amekaa sebuleni, anasubiri mzee aite. Mzee hakuita. Simu yangu ikalia. Lutengano.

"Baba amelowa?"

Nikaenda mpaka mlangoni kwa mzee, nikaielekeza simu kwenye ufa wa mlango. Mvua inapiga bati, na chini yake mtu anakoroma kwa raha zake zote.

Lutengano akasikiliza. Mwisho akasema, "Haya. Haiuzwi. Mwambie Asukile aende kwake."

Mimi na mzee bado hatusemeshani. Bado napisha, bado nageukia ukuta, na sioni shida.

Ila nimejifunza hivi. Aliyekuwa ananipigia kelele nishuke, si yeye aliyekuwa analala chini ya lile tundu. Ukiambiwa shuka, uliza kwanza ni nani analowa. Kama si anayekwambia, endelea kupigilia.