Mbio za Baba Makupa

Baba alikuwa katika kikosi cha kutengeneza reli kule Mombasa, pale Makupa, kwenye tuta la mawe na udongo linalounganisha kisiwa na bara. Sisi tulikaa Makongeni, Nairobi, katika chumba kimoja, na mama alikuwa amechoka kutulea peke yake.

Wake wa reli pale mtaani walikuwa na adabu yao: huendi kwa mume bila kutuma habari. Ulimwambia gadi wa treni, naye akamfikishia mzee ili apange nyumba. Kila mmoja alijua kupanga huko ni kumwondoa nani. Hadi leo naona ilikuwa adabu ya kijinga.

Mwaka ule mama hakutuma neno. Alitaka kumsihi baba aombe uhamisho, arudi Nairobi.

"Mimi ni mke wake," alimwambia jirani. "Nitapigaje hodi kwangu?"

"Haya, mama. Lakini ukimchunguza sana bata, humli."

Tulisafiri usiku kucha. Asubuhi treni ilipofika kwenye tuta ikaanza kutambaa, maana njia ilikuwa ikitengenezwa. Wafanyakazi walisimama kando na sululu zao. Nikamwona baba, nikamwita kwa nguvu dirishani. Naye akatuona. Hakupunga mkono. Alitupa sululu akaanza kukimbia sambamba na treni kuelekea kisiwani, maji huku na huku, viatu vikirusha kokoto. Abiria walicheka. Mimi nilishangilia.

"Mama, anatukimbilia!"

"Wapi! Hata hatuangalii."

Kweli, baba alikuwa akitazama mbele tu. Treni ikaongeza mwendo, tukamwacha nyuma akihangaika na pumzi.

Tuliposhuka, mama alikataa kutoka stesheni. Tukakaa kwenye benchi kungoja treni ya jioni, kikapu cha ndengu alizomletea baba kikiwa miguuni. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo, kwa sababu ule uchovu wake uliniogopesha zaidi.

Baba alitufikia jua likiwa limepanda sana, shati limemganda mgongoni.

"Mama watoto, twendeni. Nyumba iko tayari."

Mama akamsukumia kikapu kwa mguu. Habari ya uhamisho hakuitaja, siku ile wala baadaye. Baba akacheka kidogo, akanyoosha mikono anibebe.

"Usimshike," mama akasema. "Una jasho."