Keki Iliyokataa Kisu

Jumatatu nilikuwa kwa dada mmoja anayeoka keki za harusi hapa Mpumudde, Jinja, nikingoja mkate. Akaingia mama na keki ndani ya beseni. Akaigonga kwa kisu, ikalia ko ko.

"Hii wakwe walitupatia kwenye harusi, sisi wazazi wa bibi harusi. Jana nimeita majirani, tumeomba, nikakata. Ndani ni lile povu gumu jeupe la kufungia televisheni."

Dada akajifuta uso kwa mkono wenye unga. Amechoka. "Mama, wakwe zako walitaka keki saba zionekane, za kula ni nne. Za uongo niliziwekea utepe mwekundu chini. Aliyegawa hakuangalia. Waambie tu."

"Niwaambie, na mtoto wangu yuko kwao?" Akaifunika. "Nitasema ilikuwa tamu."

Nilipomwoza mwanangu wa kiume kule Mbale, mimi ndiye niliyetaka keki za uongo mbili. Wakwe hawajawahi kutaja keki tuliyowapa. Huenda walipata ya uongo, hawakuweza kudanganya kama mama huyu, wakanyamaza. Nami kila Jumapili nimemwomba Mungu awafundishe shukrani.

Jumapili iliyofuata sikuwaombea. Niliinamisha kichwa tu.