Tangi la Patron

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa niingie ndani ya tangi la maji nikapige makofi. Nilikuwa nimevaa viatu vipya, nimejiandaa kukaa mbele ya mashine kama fundi mitambo mwenye heshima zake.

"Piga, kisha nyamaza," Patron, bosi wetu mwenye studio, aliniambia kutoka juu. "Sikiliza vile inarudi. Hii tanki iko na masikio kushinda we."

Hiyo ndiyo iliyokuwa studio yetu Gisenyi, mwishoni mwa miaka ya tisini: nyumba iliyotazama ziwa, na uani tangi tupu la saruji. Patron aliweka spika upande mmoja wa tangi na maikrofoni upande wa pili, akapitisha humo kila sauti ili irudi na mwangwi. Watu walisema amerukwa na akili. Nami nilisema hivyo, mpaka nilipousikia mwangwi wenyewe.

Kabla ya kila wimbo alinasa kwanza kimya cha tangi, akakitandika chini ya waimbaji kama mkeka. Tepu mpya zilikuwa adimu, basi tulinunua za mtumba Goma, tukafuta yaliyomo na kunasa juu yake. Lakini tepu haifutiki kabisa; mara nyingine sauti ya zamani hubaki kwa mbali.

Asubuhi moja alikuja Mama Espérance, mwimbaji wa kanisani kutoka Nyundo. Nikampigia kile kimya ili akizoee. Sauti ya mwanamke mwingine ikaanza kuimba ndani yake, taratibu, kama yuko chumba cha pili. Kwenye ubeti wa pili sauti ikakatika katikati ya neno.

Mama Espérance alikuwa ameshika ukuta. "Ule ni yaya yangu," alisema.

Yaya, yaani dada yake mkubwa, aliuawa mwaka wa mauaji ya kimbari, na mwili wake haukupatikana. Hawakuwa wamemzika.

Akaomba amsikie tena. Tukarudia, na safari hii sauti ilikuwa hafifu zaidi. Nikatazama kichwa cha mashine, pale tepu inapopita, nikaona unga wa kahawia. Tepu ilikuwa kuukuu, inachunika, na unga ule ndio ulioshika sauti. Kila tulipomsikiliza, tulimpunguza.

"Imebaki mara moja tu," Patron alisema. "Nitamutia kwa mashine ya pili. Mama, sijasikia sauti kama hii tangu nizaliwe. Tutafanya nayo wimbo." Tayari alikuwa akivuta nyaya za mashine hiyo kwa tamaa.

"Hapana, Patron. Yaya hatakuwa wimbo ya kuuzisha ku soko. Mupige mara moja, mi nimusindikize."

Patron aliweka kidole kwenye kitufe cha kunasia. Kikakaa pale. Siku hiyo nilimwogopa. Kisha akakiondoa.

Sauti ikatoka tangini. Ilipokatika, Mama Espérance aliipokea palepale, akamaliza ubeti peke yake. Halafu Patron akaukwangua ule unga kwa vidole, Mama akaukusanya kwa kitambaa, tukaenda kuuzika shambani kwao Nyundo, mazishi kamili, majirani wote wakiwepo.

Nimestaafu sasa. Vijana wa studio hunionyesha mashine zinazofuta kelele zote, nami nasikia baridi. Wakiniuliza Patron alikuwa mtu gani, huwasimulia yaliyofuata maziko yale. Desturi yetu ni kunawa mikono. Wote walinawa, yeye alisimama pembeni, vidole bado vya kahawia kwa unga ule, anakataa kuuosha.

Mama Espérance akachukua jagi mwenyewe, akamwendea.

"Nawa, Patron," alisema. "Yaya amekwisha fika."