Mwaka Baba Aliponipeleka Himalaya

Sufu iliyolowa mvua ina harufu nzito inayokaribiana na ya mnyama, na kila inaponifikia najikuta tena kwenye kiti cha nyuma cha gari la Bwana Mohan, nimebanana na Bibi yangu, madirisha yamefungwa na ukungu umetanda pande zote. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, shule za Durban zimefungwa kwa likizo ya Julai, na baba yangu alikuwa ametuchukua mimi na mama yake hadi kaskazini ya India kutembelea miji iliyojengwa juu ya milima ya Himalaya. Gari lilikuwa jeupe, la mtindo wa zamani, limekodiwa kwa ajili yetu peke yetu, na Bwana Mohan ndiye aliyekuwa dereva na kiongozi wetu. Baba alikaa mbele pamoja naye. Barabara ilijikunja kona baada ya kona, misonobari ikitokeza kwenye ukungu na kupotea tena, na Bibi alishika misbaha yake kwa nguvu kila lori lilipotokea mbele yetu. Mimi nilitazama kisogo cha baba yangu na kujiuliza tumefuata nini huku.

Swali hilo halikuanzia milimani. Baba hakuwa mtu wa kusafiri. Alifanya kazi katika ofisi moja ya meli bandarini, na siku zake za mapumziko alizimalizia nyumbani akirekebisha mabomba. Sisi ni watu wa Durban ambao wazee wetu walitoka pwani ya Afrika Mashariki, na tangu baba akiwa mtoto ukoo wetu uliishi pamoja Chatsworth, nyumba zimeshikana, mtu akikohoa jirani anauliza hali. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo sana, na katika mtaa ule nililelewa na kila mwanamke aliyekuwa na sufuria jikoni. Sheria za ubaguzi zilipoondoka, baba alinunua nyumba Queensburgh, kitongoji kilichokuwa cha wazungu tu, yenye bustani na geti, akatuhamisha. Bibi alihama huku ananung'unika. Aliniambia kuwa majirani wapya wanasalimiana kwa honi za magari.

Mwaka uliotangulia safari yetu, wezi walivunja mlango wa nyumba ile mchana, Bibi akiwa msibani Chatsworth na mimi nimetoka shule peke yangu. Nilijificha ndani ya kabati la nguo la baba, nikawasikia wakiburuta televisheni. Hawakunigusa, wala hawakujua kwamba nipo. Baba alifika jioni akanitoa. Baada ya siku ile aliweka nondo kwenye kila dirisha, akabadilisha vitasa, akaanza kunipigia simu kutoka bandarini mara kwa mara kuuliza kama nimefunga mlango. Nilimkuta amesimama sebuleni akisikiliza, hata kama hakukuwa na kitu cha kusikiliza. Kisha siku moja akatangaza kwamba tunakwenda likizo Himalaya, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, na Bibi, ambaye hakuwahi kupenda baridi hata ya Durban, akasema naye anakuja. Baba alijaribu kumzuia. Alimweleza habari za urefu wa milima na magoti yake. Bibi alimwacha amalize, kisha akaenda kununua koti.

Mji wetu wa kwanza ulikuwa Kasauli. Bwana Mohan alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua, na nilimwita Anko kama tulivyozoea kuwaita wazee wa Kihindi kwetu. Alinieleza kwamba siku za anga safi mtu huona theluji kutoka pale, ila Julai ni mwezi wa mvua na milima hujificha. Nilimuuliza baba kwa nini basi tumekuja Julai. Akasema ndiyo likizo yako. Jibu lilikuwa sahihi na halikunitosheleza. Tulitembezwa kwenye kanisa la mawe, tukatembezwa sokoni palipokuwa na nyani wanaonyang'anya watu ndizi, halafu tukapelekwa kwenye shule. Bwana Mohan alisema ni jengo maarufu la zamani. Sikuona ubaya. Lakini baba, ambaye kanisani alitazama saa yake tu, pale shuleni aliuliza maswali mengi: hospitali iko wapi, simu zinapatikana, geti linafungwa saa ngapi, nani analala na watoto bwenini. Nilisimama nyuma yake nikahesabu wavulana na wasichana waliokuwa wakikimbia mvuani na nguo zao za bluu, nikajiambia kwamba watalii nao wana mambo yao.

Tulipofika Shimla nilianza kumchunga baba kama anavyochungwa muuza duka asiyeaminika. Mji ule umepandana mlimani, paa la huyu likiwa mlangoni kwa yule, na barabara yake kuu haipitishi magari. Hapakuwa na robot, zile taa za barabarani, hata moja ya kuzuia watu. Baba aliniingiza kwenye duka la nguo za baridi akaninunulia sweta mbili nene za bluu iliyoiva. Zilinipita vidole. Nilimwambia ni kubwa. Akasema nitakua. Nilikumbuka hali ya hewa ya Durban, na kwamba baada ya wiki moja tungekuwa nyumbani, nikamtazama Bibi. Bibi alikuwa ananitazama mimi.

Kesho yake tukaenda kwenye shule nyingine, hii ya wasichana. Mwalimu mmoja mwenye miwani alinishika mkono, akanikalisha kwenye chumba chenye harufu ya chaki na mafuta ya taa, akanipa kitabu nisome kwa sauti. Kisha akanipa hesabu. Nilipotoka baba alisema kwamba watu wa huku ni wakarimu, wanapenda kuzungumza na wageni. Nikamwangalia usoni. Alikuwa anafunga vifungo vya koti lake ambavyo tayari vilikuwa vimefungwa. Tangu hapo kila kitu kilinipa shaka. Bwana Mohan akicheka na baba, nilijua wananicheka. Baba na Bibi wakinyamaza ninapoingia chumbani kabla ya chakula, niliona tayari wamekwisha kukubaliana. Kilichoniuma zaidi ni Bibi. Nilikuwa na yakini kwamba amekuja kusaidia kuniaga, na kwamba ndiyo maana ananilisha kila nikifunga mdomo, na usiku ananifunika hadi masikioni. Nilianza kumkwepa. Akinishika mkono njiani, nilijidai nafunga kamba za viatu.

Safari ya kwenda Mussoorie ilituchukua siku nzima kwa sababu maporomoko ya udongo yalikuwa yamefunga sehemu ya barabara. Tulipofika, mji ulikuwa umemezwa na wingu kiasi kwamba taa za maduka ziliwashwa mchana. Asubuhi iliyofuata baba alishuka kwenye geti la shule kubwa iliyokuwa juu ya kilima, akatuambia tusubiri garini, mvua ni kali. Bibi hakutaka kusubiri. Aliomba aonyeshwe choo, mlinzi akampeleka, nikabaki mimi na Bwana Mohan tukisikiliza maji yakipiga paa. Nikamuuliza bila kuzunguka, kwa Kiingereza, kama baba yangu ananiacha hapa.

Bwana Mohan alifuta kioo cha mbele kwa kitambaa, ingawa ukungu ulikuwa nje. Alisema kazi yake ni kuonyesha watu njia, si kuingia katika mambo ya familia. Kisha akageuka. Alikuwa na mabinti wawili, akaniambia, na mkubwa alikuwa wa rika langu.

"Muulize leo," alisema. "Usingoje kesho."

Ninamshukuru kwa neno lile hadi leo. Mtu anayelipwa na baba angeweza kuniambia hadithi ya theluji.

Mchana tuliingia kwenye mkahawa mdogo wenye jiko la makaa katikati, tukaagiza chai na maandazi ya viazi yenye pilipili. Bwana Mohan alikaa meza ya mbali, karibu na mlango. Niliiweka mikono yangu chini ya mapaja. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, lakini yaliyotoka yalikuwa machache.

"Baba, kesho unaniacha hapa?"

Alikuwa ameinua kikombe. Alikirudisha kwenye kisahani taratibu, akasema ndiyo, alitaka kuniambia jioni. Akaanza kueleza. Mteja mmoja wa bandarini alisomesha wanawe kwenye shule hizi, wakatoka watu. Huku kuna walinzi, kuna walimu wanaolala humo humo, hakuna mtoto anayerudi kwenye nyumba tupu. Alizungumza haraka, kama mtu aliyeyakariri maneno na anaogopa kuyasahau. Nikageuka kumtazama Bibi, nikitegemea kumwona akitikisa kichwa kukubali. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Hukuniuliza," alimwambia baba.

Baba akasema alijua jibu lake. Bibi akamwambia kwamba naye alijua anaficha kitu tangu aliposikia habari ya likizo, na kwamba hakuja huku kutazama milima ambayo haionekani. Alikuja kwa sababu mwanawe alishindwa kumtazama usoni. Kila jioni alikuwa akimuuliza, na kila jioni akipewa habari za nyani na makanisa. Kisha akasema maneno ambayo mpaka sasa nayasikia, bila kupandisha sauti hata kidogo:

"Ulimtoa Chatsworth penye watu ukampeleka penye kuta. Sasa kuta zimekushinda, unamtafutia nyingine ndefu zaidi."

Nilidhani baba atakasirika. Badala yake alinigeukia mimi, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Aliniuliza kama nakumbuka siku ya wezi. Nikasema ndiyo. Akasema alipofika mlango ulikuwa chini, akapita chumba kwa chumba akiniita kwa jina langu, akaita bustanini, akaita barabarani, akarudi ndani akaita tena.

"Ulikuwa kabatini unanisikia," alisema. "Hukuitika."

Ni kweli nilimsikia. Sikuwahi kumweleza mtu kwa nini nilinyamaza, na pale mkahawani ndipo nilipopata maneno. Nilimwambia kwamba sauti ilikuwa kama yake lakini inatetemeka, na sauti yake haitetemeki kamwe, kwa hiyo nilifikiri ni mmoja wao anajifanya baba. Alifunika uso kwa mikono yote miwili. Akasema kwamba tangu siku ile kila akiingia nyumbani anaita jina langu, na kile kitambo kidogo kabla sijajibu hakivumiliki. Hakuwa na uwezo wa kuendelea kuishi ndani ya kitambo kile. Alitafuta mahali ambapo mtu mwingine angenichunga, mbali, ili yeye asiwe wa kuita.

Chai ikapoa. Bibi ndiye aliyesogeza kiti chake, akamshika baba mkono kama anavyoshikwa mtoto, na mkono wake mwingine akanishika mimi, na safari hii sikuuondoa. Baba akaniuliza, kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Durban, mimi nataka nini. Nikasema nataka kurudi Chatsworth. Sikuwa nimelifikiria jibu hilo kabla. Nilishangaa kuona jinsi lilivyokuwa tayari mdomoni.

Kesho yake baba alipanda kilimani peke yake kuwaambia wenye shule kwamba sitabaki, na Bwana Mohan akatupeleka mimi na Bibi kutazama maporomoko ya maji. Tuliporudi Durban nilihamia na Bibi kwenye nyumba ya shangazi yangu, nikasoma shule ya pale pale mtaani. Baba alibaki Queensburgh muda wa kutosha kuuza nyumba, akija kula kwetu kila jioni, kisha naye akahamia nyumba ya tatu kutoka yetu. Hakuacha kuwa mwoga. Lakini aliacha kuficha, akawa anasema waziwazi: leo nina hofu, nipigie ukifika.

Sasa ninaishi Westville, nyuma ya ukuta wenye waya wa umeme, na binti yangu ana umri ule niliokuwa nao. Hatembei popote kwa miguu. Simu yake inaniambia alipo, nami huitazama zaidi ya ninavyokiri kwa mume wangu. Ninamshuku dereva wa basi la shule, ninamshuku fundi wa bwawa la jirani, na nikiona ujumbe wangu haujasomwa, napiga simu. Mwaka huu watu wamenisifia shule za bweni za kule Midlands, nyasi, farasi, hewa safi, na nimejikuta nikiwasikiliza kwa makini. Nilidhani kwa kuwa nilikuwa yule mtoto wa kiti cha nyuma, nisingewahi kuwa mtu wa kiti cha mbele. Umri umenionyesha kwamba vyote viwili hukaliwa na mtu huyo huyo.

Wiki iliyopita, kabla ya kumwonyesha picha ya shule yoyote wala kupanga safari ya kwenda kuiona, nilimwita binti yangu mezani nikamwambia kwamba kuna shule ninayoifikiria, na kwamba nusu ya sababu ni masomo, nusu nyingine ni woga wangu. Alinitazama kwa muda, kama mtu anayepima kama noti ni ya kweli. Kisha akaniuliza mimi naogopa nini hasa. Hakuna aliyekuwa amewahi kuniuliza. Nikavuta kiti, nikaanza kumwambia.